Kipande cha Tairi Kwenye Msumari

Kijiwe chetu hapa kijijini Rekowichi ni kiti cha nyuma cha lori lililofia mlimani. Magurudumu ya lori hilo nilikuwa nimeyafunga mwenyewe siku moja kabla, kwa hiyo mwaka siutaji. Tumekiegemeza kwenye ukuta wa kibanda changu cha pancha, pale lami inapochoka na njia ya mawe inapoanza kuteremka bondeni kwenda mtoni. Asubuhi, umande ungali umeganda kwenye misonobari, Hilaria anakuja na chungu cha kahawa iliyochemshwa na mdalasini na sukari guru, anakitua juu ya jiko langu, nasi tunaanza kuitengeneza dunia. Mwanzo wa kiti anakaa Eleuterio, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki na hana betri. Anafuata Crisóforo, huyo ni Daktari. Alifagia zahanati miezi miwili akatoka na koti jeupe ambalo hakuna aliyempa. Karibu na mlango nakaa mimi, Tairi, jina la ubatizo muulizeni padri. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya Cornelio. Alikufa mwezi wa tatu kwa kifua. Springi bado zimebonyea umbo lake na hakuna anayekaa hapo, hata mbwa.

Cornelio alikuwa mkimbiaji. Hapo sipigi chumvi, na anayenijua ajue kwamba hilo si jambo la kila siku. Zile mbio zetu za mpira wa mti, watu wanauokota mpira kwa vidole vya mguu, wanaurusha mbele na kuufukuza milimani tangu jua kuchomoza hadi kuzama, Cornelio alikuwa akizimaliza na kesho yake anakuja kijiweni kama mtu aliyetoka kuchota maji. Tena hakuwa mchoyo. Kila alipochinja mbuzi alituletea chungu hapa hapa, tukakizunguka wote tukala. Mlishike hilo la chungu, litarudi.

Kwetu mwanamume akifa hafi mara moja. Anafanyiwa karamu tatu. Mbili za kwanza ni za kumlisha na kumbembeleza. Ya tatu ni ya kumsindikiza: pombe ya mahindi inapikwa, mpira unarushwa, na mtu wake anakimbia ili marehemu naye apate mwendo wa kupandia juu. Mtu wake ni ndugu wa damu, au yeyote aliyekula chungu chake. Asipopatikana wa kumkimbilia, anabaki huku huku. Mbuzi wanatupa mimba, watoto wanashtuka usingizini, na mjane anasikia nyayo zikizunguka nyumba wala mlango haufunguliwi.

Karamu ya tatu ya Cornelio ilipangwa mwezi wa kumi na moja, mwezi ukiwa mpevu. Wiki saba kabla ya hapo akatokea mdogo wake, Nabor.

Huyu alikwenda kwenye mgodi wa fedha ng'ambo ya milima akiwa kijana, akakaa huko miaka kumi na minane. Karamu ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Mgodi ulimnyima ruhusa, au hakuomba, sijui. Mambo hayo mtu hujibiwa na mto wake akilala. Aliteremka kwenye lori la mbao amevaa buti za mgodini, zile zenye chuma puani, akasimama mbele ya kiti chetu. Akaliona lile shimo kwenye springi. Hakukaa.

— Nataka katambuga, akaniambia. Za kumkimbilia kaka.

— Utakimbia na miguu ipi? Redio akauliza.

— Hii hii niliyo nayo.

— Hiyo ni ya kampuni, ndugu yangu.

Nabor akazitazama buti zake. Halafu akatueleza, kwa sauti ambayo ilibidi tuache kupuliza kahawa ili tuisikie, kwamba Cornelio siku zake za mwisho alimtumia maneno kwa dereva wa mbao. Alisema: Nabor akija kunisindikiza asije na buti, nitashindwa kuujua mlio wake.

Basi nikamwambia avue tuone mali. Jamani. Mimi nimeshika nyayo nyingi kuliko padri wa Alhamisi Kuu, kuanzia huku juu hadi mtoni hakuna unyayo nisioujua jina, lakini miguu kama ile sijawahi kuiona. Ilikuwa myeupe kama kiazi kilichomenywa. Vidole vimebanana kama watoto watano waliolazwa kitanda kimoja, na kile cha mwisho kimeingia chini ya mwenzake, hakionekani. Kisigino laini. Hilaria aliitazama mara moja, akarudi kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Nilikuwa na nusu ya tairi moja la zamani, lile la nyuzi tupu, si haya ya siku hizi yenye nyaya za chuma ndani zinazochomoza baada ya mwezi na kumdunga mtu unyayo. Matairi ya namna ile hayaji tena. Nusu yake ya kwanza nilimkatia Cornelio jozi yake ya mwisho, na nusu ya pili ilikuwa ikining'inia kwenye msumari wa mlangoni, karibu na bega langu. Nikaishusha, nikamsimamisha Nabor juu yake, nikazungusha kisu. Nikatoboa matundu matatu, nikapitisha ukanda wa ngozi katikati ya vidole, nikauzungusha kifundoni. Kazi ya kikombe kimoja cha kahawa. Mwenyewe kazini navaa buti, na asinicheke mtu. Anayeinua gurudumu la lori kila siku ndiye atakayeniambia nivae nini.

Nabor akapiga hatua tatu, akasimama kama aliyekanyaga jiko.

Hapo ndipo kijiwe kilipopata kazi. Kila mtu alijua dawa ya kuzoea katambuga. Redio alisema tatizo ni kisigino, kwamba mtu wa buti anatembea kama anayepigilia misumari, atue kwa mbele kama mwizi wa kuku. Hilo lilikuwa na akili, angeishia hapo. Lakini akaongeza kwamba baba yake mdogo aliwahi kulala miguu ikiwa nje ya dirisha mwezi mzima wa baridi kali, na asubuhi akawa anakanyaga mbigili akidhani ni nyasi. Daktari alitikisa kichwa kwa huruma ya kitaalamu. Unyayo, alisema, una milango sabini na miwili ya fahamu. Ya Nabor imefungwa miaka kumi na minane. Inafunguliwa kwa pilipili iliyosagwa na mafuta ya mbuzi, ya dume lakini, ya jike yanafunga zaidi.

Mimi nilisema kwamba nilizaliwa na katambuga mguuni, mkunga akataka kukimbia. Watu walicheka. Nabor hakucheka, alikuwa anajaribu kutembea mpaka kwenye jiko.

— Samaki mkunje angali mbichi, Redio akasema.

— Kwa hiyo unamwambia nini? Hilaria akamuuliza.

— Namwambia tu. Methali haina kazi nyingine.

Hilaria akamgeukia Nabor.

— Mguu huo ni mtoto mchanga, mwanangu. Mwache atambae kwanza. Leo utembee kutoka ghalani kwangu mpaka hapa, kesho hivyo hivyo. Ukichoka, vua, upumzike.

Tulimcheka sana. Tulimwambia marehemu akisubiri mtoto mchanga atembee, atapanda juu na mkongojo. Lakini Nabor alilala kwenye ghala la mahindi la Hilaria na alikula mkate wa Hilaria, kwa hiyo wiki ya kwanza alimsikiliza yeye. Ghalani hadi kijiweni, hatua mia mbili. Alikuwa anafika amekunja uso, anatupa habari za miguu yake kama mtu aliyetoka vitani: vigimbi vinawaka utadhani vimepigwa fimbo, ngozi katikati ya vidole imechubuka, na kila kokoto njiani limejitambulisha kwa jina.

Wiki ya pili akawa anakwenda kanisani na kurudi. Ya tatu akafika kisimani, chini kidogo ya njia ya mawe. Na sisi tuliokaa tulianza kumsikia kabla ya kumwona. Siku za mwanzo alikuwa anapiga ardhi, pwa, pwa, kama mtu anayeua nzi kwa ndara. Sasa hatua zilikuwa fupi, nyepesi, zimekaribiana, chap chap chap, na siku moja Daktari alinyanyua kichwa ghafla na akatazama ile nafasi iliyobonyea. Wote tulikuwa tumesikia. Ule ulikuwa mlio wa Cornelio.

Mwisho wa wiki hiyo Nabor alikuja na aibu. Katambuga zimekuwa ndogo. Nikamwambia katambuga haziwi ndogo, labda amezifua. Akakanyaga chini, nikaona vidole vimemwagika nje ya tairi kila upande. Nimekata katambuga miaka ishirini na sita, na nilikuwa sijui kwamba mguu wa mtu mzima unaweza kupanuka ukipewa nafasi. Wateja wangu wote miguu yao ilipanuka wakiwa watoto, mama zao wakiwa wamekaa hapo wakiwaangalia. Nilijifanya nilikuwa nalijua. Nikashusha tena lile tairi, nikakata jozi pana zaidi. Kilichobaki nikakirudisha msumarini.

Nabor akawa ameuinua mguu anaugeuza geuza.

— Juzi kidole cha mwisho kimejinyoosha, kaka Tairi. Nilikuwa sijakiona tangu niondoke nyumbani.

Akatueleza kwamba akiteremka kisimani sasa anaijua njia kwa chini. Mahali pa mchanga, mahali pa jiwe baridi, mahali pa mzizi. Kwamba walipokuwa wadogo Cornelio alikuwa akikimbia mbele yake njia hiyo hiyo, na yeye alikuwa akitazama visigino vya kaka yake tu, wala hakuitazama njia. Mwaka ule wa kuondoka Cornelio alimwomba akimbie naye mbio za mavuno. Akajibu miguu yake imeshaandikishwa mgodini. Alisema hayo akamaliza kahawa yake, akaenda zake, chap chap chap.

Wangekuwa watu wengine, hadithi ingeisha vizuri.

Wiki ya nne Redio alikuja na habari. Watu wa ng'ambo ya mto watakuja karamuni na ndugu watatu ambao, kwa maelezo yake, walimfukuza paa mpaka paa akakaa chini akaomba maji. Mtu wa kisimani na kurudi atafanya nini mbele ya hao? Daktari naye akaleta uchunguzi mpya: vumbi la fedha la mgodini limeingia kwenye mifupa ya Nabor. Fedha ni nzito. Inatakiwa itikiswe itoke, na haitikisiki kwa kwenda kanisani, inatikisika kwa mteremko mrefu. Wakanigeukia mimi kwa sababu mambo ya mteremko ni yangu.

Sasa nitasema nilichosema. Nilisema kwamba nilipokuwa na umri wa Nabor, tena nimetoka kuumwa, niliamka siku moja nikateremka mpaka mtoni na kurudi, na jua lilikuwa halijazama. Nilisema sikufanya mazoezi. Nilisema kivuli changu kilibaki njiani kikaja kesho yake. Nimelisema neno hilo kijiweni mara mia na halijawahi kumdhuru mtu.

— Kweli, kaka Tairi? Nabor akauliza. Kwenda na kurudi?

— Kweli.

Akaniangalia kama mtu anavyoliangalia daraja kabla ya kupitisha mzigo juu yake. Na mimi nilisimama imara kama daraja. Ni kweli nilikwenda na kurudi siku moja. Habari za punda sikumwambia. Hakuna aliyeuliza habari za punda.

Hilaria alisema wiki tatu bado ziko, aongeze kidogo kidogo, mwenda pole hajikwai. Redio akamjibu kwamba mwenda pole hafiki pia, ila methali iliishiwa nafasi. Kesho yake Nabor hakuja kunywa kahawa. Ghalani hakuwepo. Alikuwa ameteremka.

Kutoka hapa hadi mtoni njia inashuka mpaka masikio yanaziba. Huku juu kuna barafu asubuhi, kule chini kuna michungwa. Ni mawe mwanzo mpaka mwisho. Nabor alirudi siku ya pili mchana. Alifika kijiweni akiweka mguu wa kulia chini kama mtu anayeweka yai, akatuonyesha mahali: si unyayo, ni juu, katikati ya mgongo wa mguu, pamevimba kidogo. Alitabasamu. Alisema ameyagusa maji.

Hapo palikuwa na nafasi ya mtu kusema jambo la maana. Daktari akabonyeza pale kwa kidole, akatangaza kwamba hiyo ni fedha inatoka. Redio akasema maumivu yakipanda juu ya mguu ni dalili yanaaga. Mimi nilikaza ukanda, nikasema kidole kimoja hakivunji chawa, na mpaka leo sijui nilikuwa na maana gani. Hilaria akamwambia:

— Kaa, mwanangu. Kaa siku kumi.

— Mama, siku kumi sina.

Akapumzika siku moja. Siku iliyofuata akaenda kisimani. Siku iliyofuata tena akaenda kisimani mara mbili. Ilipotimia siku ya tano akaenda uwanja wa kanisa na mpira wa mti, mara ya kwanza tangu ujana wake. Sisi tulikaa hapa tukisikiliza, maana uwanja uko nyuma ya ukuta na hauonekani ila kwa masikio. Ukasikika mpira ukigonga jiwe, ko. Kisha chap chap chap chap. Ko. Chap chap chap. Redio akaanza kuhesabu mizunguko kwa vidole. Alipofika wa sita mlio ukabadilika. Ukawa wa mguu mmoja. Chap. Kimya. Chap. Halafu hata huo ukaisha, na mpira ukasikika unabingirika peke yake mpaka ukatulia.

Tulimpeleka zahanati kwa toroli langu la matairi. Nesi, yule wa kweli, hakutugombeza. Alisema mfupa umepata ufa. Haukuvunjwa na kitu kimoja, umevunjwa na kuombwa mara nyingi kabla haujawa tayari. Nyama na ngozi huzoea upesi, mfupa unachelewa, ndiyo maana mtu anadhani ameshaweza. Akaufunga mguu mpaka gotini. Wiki sita, asikanyage.

Karamu ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.

Kijiwe hakikulala njaa ya maneno. Kila asubuhi tulitafuta aliyemvunja Nabor. Redio alisema ni tairi, kwamba tairi la gari lililopata ajali lina kumbukumbu. Nilimwambia lile tairi lilitoka kwenye gari la padri. Akasema ndiyo maana. Daktari alisema mfupa ulibaki wazi fedha ilipotoka, kama mgodi ulioachwa, na mgodi ulioachwa lazima ubomoke. Mimi nilisema ni watu wa ng'ambo, wamezika kitu njiani. Kwa kweli nilisema hivyo, na nilikitaja mpaka kitu chenyewe, mfupa wa paja uliofungwa kwa nywele. Redio akakubali, akasema alikwishasikia.

— Ila na yeye, Daktari akamalizia, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hilaria alikuwa anamimina. Hakunyanyua macho.

— Huyu aliwasikia wakuu watatu, akasema. Ndipo akavunjika.

Tukanywa. Ilikuwa asubuhi ya baridi, zimebaki siku nne, moshi wa jiko unakwenda chini badala ya kupanda. Ndipo tukamwona mwanamke anapanda kutoka bondeni. Hakuwa anatembea haraka. Sketi zake pana zilikuwa na vumbi la njia nzima, blanketi begani, na miguuni katambuga zilizolika mpaka zimekuwa nyembamba kama tambara. Miguu yenyewe mipana, vidole vimetawanyika, kila kimoja kimekamata ardhi kivyake. Alikuwa Petronila, mjane wa Cornelio. Miaka yote mumewe alikaa na sisi, yeye kijiweni hakuwahi kufika.

Alitusalimu mmoja mmoja, shemeji, shemeji, shemeji. Kisha, kabla hatujampisha, akaenda akakaa pale. Kwenye lile shimo. Springi zikalia, na sisi watatu tukajikuta tumeinama kila mtu upande wake, kama kiti kimekuwa kidogo.

Hilaria akampa kikombe. Akakishika kwa mikono miwili bila kunywa.

— Nimepitia ghalani kumwona Nabor, akasema. Anasema atatambaa. Nimemkataza.

Tukaanza kumweleza. Nadhani tuliogopa kimya. Redio alimweleza habari za kisigino na za wale ndugu watatu na paa. Daktari akamweleza fedha inavyokaa mfupani. Mimi nikamweleza mambo ya watu wa ng'ambo, lakini kile kitu kilichofungwa kwa nywele sikukitaja, uso wake haukukubali. Tulizungumza mpaka kahawa kwenye kikombe chake ikaacha kutoa moshi. Alisikiliza yote. Hakubisha hata moja. Tulipoishiwa alituambia kwamba mbuzi wawili wametupa mimba wiki hii, na kwamba asubuhi anakuta vumbi la kiambazani limekanyagwa, duara zima, na nyayo haziendi popote. Alisema hayo kama anayetaja bei ya chumvi.

Kisha akauliza:

— Chungu cha mume wangu mlikuwa mnakula wote hapa, au alikuwa anadanganya?

— Tulikula wote, shemeji, Daktari akajibu.

— Wote watatu?

— Wote.

— Basi nani kati yenu atakimbia?

Redio alifungua mdomo. Miaka kumi na tisa nakaa naye, sijawahi kuuona mdomo huo ukifunguka na kufungwa bila kitu katikati. Daktari akashika goti lake la kushoto, akaliminya polepole, kama ndiyo kwanza limeanza kumuuma. Hilaria akainamisha chungu juu ya kikombe changu, yakatoka matone mawili na machicha, akakiweka chungu chini mdomo ukiangalia ardhi.

Petronila hakumwangalia Redio wala Daktari. Aliniangalia mimi. Nadhani Cornelio alikuwa anamsimulia nyumbani, kwamba kijiweni yuko mtu aliyeteremka mtoni na kurudi siku moja, bila mazoezi, ametoka kuumwa. Nadhani Cornelio aliliamini lile. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Macho ya Petronila yakashuka polepole mpaka kwenye buti zangu, yakakaa hapo, hayakuwa na hasira.

Nikainuka, nikasema jiko linataka kuni. Halikutaka kuni. Nikaenda nikasimama mlangoni, nikaegemea pale penye msumari.

Kile kipande bado kilikuwepo. Kilikuwa kinatosha jozi moja, mguu wa mtu mzima, hata ukipanuka. Nilikisikia kinanigusa mgongo, kigumu, kina baridi ya asubuhi. Nikajisogeza kidogo kushoto ili nikizibe chote.